Ukigongwa Igawa: Kwa Nini Wakili Atapokea Kesi Yako, au Ataikataa

Igawa iko pembezoni mwa wilaya ya Mbarali, pale mkoa wa Mbeya unapopakana na Njombe, na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inaipasua katikati. Mzigo wa Zambia na Kongo unapita mlangoni mwa watu: malori ya mafuta yakielekea mpakani, shaba ikirudi bandarini, mabasi yakifukuzia muda, na yale magari ya IT, yaani ya mpito kwenda nje ya nchi, yanayokimbizwa Tunduma bila dereva kulala. Ukigongwa hapo, au ukifiwa na mtu aliyegongwa hapo, siku moja utajikuta kwenye benchi la ofisi ya wakili, Rujewa au Mbeya mjini, bahasha ikiwa mkononi. Mwongozo huu unahusu nusu saa itakayofuata.

Watu wengi huingia humo wakiamini wakili anataka kusikia jinsi walivyoumia. Wanaeleza mguu, wanaeleza wodi, wanaeleza kiburi cha dereva. Wakili anasikiliza, anatoa pole, halafu anauliza namba ya gari. Usimwone mkatili. Maumivu yako yatahusika baadaye, fidia itakapokuwa inakadiriwa. Kwanza anataka kujua kama muda wa kushtaki haujaisha, kama yupo mtu au kampuni yenye uwezo wa kulipa, na kama unachokisema kitathibitika mbele ya hakimu asiyekujua. Sehemu kubwa ya hayo huwa imekwisha kuamuliwa Igawa kwenyewe, katika wiki mbili za kwanza baada ya ajali, wakati wakili hajasikia hata jina lako.

Tarehe kabla ya kidonda

Ataanza na siku ya ajali. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka mitatu kwa madai yanayotokana na uzembe wa aina hii, na kwa kawaida inahesabiwa tangu siku ulipoumia. Sheria haingoji utoke hospitali. Haingoji kesi ya trafiki iishe, wala kampuni ya bima ijibu barua yako ya tano. Hapo ndipo wengi wanapoanguka: mwenye gari anasema "tuvumiliane mama, nitakumalizia," watu wa bima wanaomba kivuli cha hati ile ile kila baada ya miezi michache, na mwaka unakatika. Ukimfikia wakili umebakiwa na wiki tatu, mwangalifu atasita hata kama kesi ni nzuri, maana akikosea hesabu kwa siku moja lawama itakuwa yake.

Kuna nafuu kidogo. Mtoto aliyegongwa haanzi kuhesabiwa muda mpaka afikishe umri wa utu uzima, na mtu aliyepoteza akili kwa ajali naye analindwa. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuombwa aongeze muda, lakini nyongeza haizidi nusu ya muda wa kawaida, na ombi hilo linahitaji sababu nzito. Usilitegemee.

Kama gari lililokugonga ni la serikali, la halmashauri au la wakala wa serikali, au kama unalaumu shimo la barabara iliyo chini ya TANROADS, kesi ina njia yake. Lazima utoe notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, halmashauri na wakala nao wamo katika utaratibu huo: Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Mawakili wengi wadogo huogopa njia hii kwa urefu wake. Akikuambia "hii siiwezi", mwulize kama tatizo ni kesi yenyewe au ni huo mzunguko, kwa sababu majibu hayo mawili yanakupeleka sehemu tofauti.

Na kama uliumia ukiwa kazini, mathalani utingo wa lori, kibarua wa mkandarasi wa barabara au mfanyakazi wa shamba la mpunga, huenda wakili akakuelekeza kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Wengine hutoka wakinung'unika kwamba wamefukuzwa. Kumbe wamesaidiwa. Mfuko huo, ulioundwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi Julai 2015, unachangiwa na mwajiri peke yake, na hauulizi nani alikosea. Ajali inapaswa kutolewa taarifa ndani ya miezi 12. Huo ni muda mfupi sana kuliko miaka mitatu, kwa hiyo mfanyakazi asijipe pumzi ya mtembea kwa miguu.

Nani atalipa

Hapa ndipo kesi nyingi za Igawa zinapofia.

Dereva wa lori hana kitu. Ana mshahara, posho ya safari na familia. Wakili anatafuta mwenye gari, na nyuma ya mwenye gari anatafuta bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari linalotembea barabarani kuwa na bima ya kumlinda mtu wa tatu anayekufa au kuumia. Mtu huyo wa tatu ni wewe. Wewe unawashtaki dereva na mwenye gari, na kampuni ya bima inawajibika kulipa hukumu ikitoka, ilimradi ilipewa taarifa ya kesi kwa wakati. Wakili mzoefu huandika barua hiyo ya taarifa mapema sana. Asiye mzoefu huisahau, na mteja wake anaishia na hukumu nzuri ambayo bima inaikataa kwa haki kabisa.

Kwa hiyo namba ya gari ina thamani kuliko picha kumi za damu. Ukiwa na fahamu, au ndugu yako akifika eneo la ajali, piga picha namba ya kichwa cha lori na namba ya tela, kwa sababu ni mbili tofauti na zinaweza kuwa za wamiliki wawili tofauti. Piga picha jina lililoandikwa mlangoni. Kwa namba hiyo mtu yeyote anaweza kuangalia kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kama gari lina bima na ya kampuni gani. Angalia mapema. Kinachotakiwa ni bima iliyokuwa hai siku ya ajali. Iliyokatwa wiki iliyofuata haina msaada kwako.

Lori la Zambia au la Kongo linawatisha watu bure. Wanasema, "Tutamfuata wapi huyo, Lubumbashi?" Yapo malori yanayotembea na kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya mtu wa tatu inayotambulika nje ya nchi lilikosajiliwa gari. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ilibaki kwenye mpango wa kadi hiyo, na Shirika la Bima la Taifa, NIC, ndilo linaloushughulikia hapa nchini. Ukimpelekea wakili namba ya kadi ya njano au picha yake, umemwondolea hofu kubwa. Ukimpelekea maneno "lilikuwa la Wazambia, jekundu," atakupa pole.

Magari ya IT yana shida yake. Yana namba za muda, yameshushwa bandarini, yanaendeshwa na dereva aliyelipwa kwa safari moja, na mwenyewe yuko ng'ambo ya mpaka. Lakini gari la IT lina karatasi: lina wakala wa forodha aliyelitoa, na nyaraka za mpito. Polisi akilishika kabla halijavuka Tunduma, kuna pa kuanzia. Likishavuka, sijui wakili atakayelipokea kwa furaha.

Bodaboda ndiyo kesi inayokataliwa haraka kuliko zote, na ukweli huu unauma kwa sababu ndiyo inayovunja miguu ya watu wengi tunaowafahamu. Pikipiki imekwisha bima, kijana anaiendesha kwa mkataba wa hesabu ya kila siku, na tajiri yake anakana kumjua. Wakili anaona mbele kabisa, hatua ya kukazia hukumu, na huko haoni kitu cha kukamata. Atakuambia ni bora mkae mzungumze. Mara nyingi yuko sahihi.

Abiria wa basi yuko mahali pazuri zaidi kisheria, ingawa hilo si faraja kwa aliyelazwa. Alikuwa ameketi, hakuendesha, hakuvuka, hakuyumba, na ni vigumu sana kumtupia kosa. Machi 11, 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, kontena la lori liliangukia basi lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, na watu zaidi ya 40 wakafa. Katika ajali ya namna hiyo abiria hana haja ya kujua nani kati ya madereva wawili alikosea. Wamiliki wote wawili wanashtakiwa, na mahakama ndiyo inayogawa lawama. Usikubali kuambiwa uchague mmoja.

Mtembea kwa miguu hana raha hiyo. Atasemwa alikatiza ghafla. Aliyepanda mishikaki, watu watatu nyuma ya dereva, bila kofia ngumu, atasemwa alijitakia. Kosa lako la kiasi haliui kesi; linapunguza fidia kwa kadiri ya mchango wako. Lakini wakili lazima alijue, na alisikie kwako kwanza kuliko kulisikia kwa mwenzake wa upande wa pili, mbele ya hakimu.

Bahasha

Sasa fungua bahasha. Kitu cha kwanza kiwe PF3, ile fomu ya polisi uliyopewa kwenda nayo hospitali. Majeruhi wengi wa Igawa hukimbizwa Rujewa, Chimala au Ilembula, wengine wanaishia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na PF3 hupotea njiani, au inabaki kwenye faili la hospitali ya kwanza. Ifuatilie. Tengeneza vivuli, na usimwachie mtu nakala halisi bila maandishi.

Kisha ripoti ya polisi ya ajali, PF90, ripoti ya ukaguzi wa gari, PF93, na ramani ya eneo la ajali. Hizi zinatoka polisi, si hospitali, na zina faida moja ambayo watu hawaioni: zinasema ajali ilitokea upande gani wa barabara, na kama breki zilikuwa zinafanya kazi. Hakikisha unajua ajali yako iliandikwa kituo gani. Ukitoka Igawa kuelekea Makambako, muda si mrefu umeingia Wanging'ombe, mkoa wa Njombe, na faili unalolitafuta Rujewa huenda halijawahi kufika Rujewa. Mahakama nayo inafuata mipaka hiyo, kwa kuwa unaweza kushtaki pale ajali ilipotokea au pale mdaiwa anapoishi au anapofanya biashara. Wakili wa Mbeya anapouliza "ni kabla au baada ya mpaka?", anahesabu safari zake.

Halafu kesi ya trafiki. Hii ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote, na mimi naiona kuwa ndiyo nguzo. Dereva anapelekwa mahakamani, anakiri kosa, anapigwa faini, anaondoka siku hiyo hiyo. Familia ya majeruhi inaghadhibika: mguu wa mtu kwa faini ndogo kiasi hicho! Hasira hiyo ni ya haki, lakini huko wakili anaona kitu kingine. Chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai ikishapita muda wa rufaa huchukuliwa kuwa ushahidi kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile. Kwa maneno mengine, dereva aliyekiri kuendesha kwa uzembe Rujewa hawezi kusimama katika kesi yako ya fidia akasema hakuwa mzembe. Faini ile ndogo imekumalizia nusu ya kazi. Omba nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama, na iweke mahali pasipovuja.

Upanga huo unakata pande zote mbili. Dereva akiachiwa huru, kuachiwa kwake nako kunahesabiwa hivyo hivyo. Ndiyo maana ukiitwa kutoa ushahidi katika kesi ya trafiki, nenda. Nenda na mikongojo. Kesi hizi hufa kwa sababu mashahidi hawakutokea, na wakili akisoma kwamba dereva aliachiwa kwa kukosa mashahidi, huku wewe ukiwa ndiye shahidi aliyekosekana, anakunja faili. Dereva akifa katika ajali, kesi ya jinai inakufa naye, lakini madai dhidi ya mwenye gari yanaishi, na hapo wakili atategemea zaidi ramani, ukaguzi wa gari na watu walioona.

Baki kwenye bahasha. Hasara zilizo na bei, yaani dawa, vyuma vya mfupa, nauli na mshahara uliopotea, lazima zitajwe moja moja katika madai na zithibitishwe moja moja. Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo tangu 1992 na mahakama hazijachoka kulirudia. Kusema "nilitumia kama milioni mbili hivi" ni sawa na kusema hukutumia kitu. Stakabadhi za hospitali, za duka la dawa na za gari ulilokodi usiku ule zinahitajika. Kama mwenye gari hilo la kukodi hakuwa na stakabadhi, aandike kwa mkono kiasi alicholipwa, tarehe, jina, namba ya simu, na aweke sahihi. Fidia ya maumivu na ulemavu hakimu huikadiria mwenyewe, na hapo kinachomsaidia ni ripoti ya daktari inayotaja ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Usiiombe mapema mno. Mfupa ambao haujaunga haujasema neno lake la mwisho.

Kipato cha mkulima au mama lishe ni kigumu kuthibitisha lakini hakishindikani. Mtu wa mpunga ana stakabadhi za ghala, ana daftari la mashine ya kukoboa, ana ushuru wa mazao alioulipa, ana taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita kabla ya ajali, ambayo mtandao wa simu unaweza kumtolea. Mama lishe ana leseni au kitambulisho cha mjasiriamali, na ana watu aliokuwa akinunua mchele kwao. Mteja anayekuja na haya wakili humwita ndani kabla ya wengine. Sitii chumvi.

Kama mhusika amefariki, kuna karatasi nyingine juu ya hizo: cheti cha kifo kutoka RITA, na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, ambayo nayo hutanguliwa na muhtasari wa kikao cha familia. Mjane, watoto na wazazi waliokuwa wakimtegemea marehemu wana haki yao chini ya sheria ya fidia za vifo vya ajali, Sura ya 310, lakini ndugu wakiwa wanagombania nani asimamie mirathi, hakuna wakili atakayeanza kabla hawajapatana. Malizeni ya nyumbani kwanza, na mmalizie haraka, maana miaka mitatu haisubiri kikao.

Ulishawahi kusaini chochote?

Swali hili huja kwa sauti ya chini, na ndilo linaloamua mengi. Kwetu ajali humalizwa kwa watu kukaa. Mwenye gari analeta mchele, analipia kitanda, anaacha laki kadhaa, na mtendaji wa kijiji anaandika makubaliano. Ni ubinadamu, na hakuna wakili mwenye akili atakayekulaumu kwa kupokea chakula cha mgonjwa. Balaa ni mstari wa mwisho: "Sitadai tena kitu chochote kuhusu ajali hii." Ukisaini hapo, au ukisaini fomu ya kampuni ya bima inayosema umepokea malipo kamili na ya mwisho, wakili anajua kwamba kesi itaanza kwa kupigana na sahihi yako mwenyewe. Pokea msaada, andika kwamba ni msaada wa matibabu, basi. Na kama ulishasaini, mwonyeshe karatasi hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Anakupima na wewe. Je, maelezo uliyoandika polisi yanafanana na unayoyasema leo? Je, ulipopigiwa simu ulipokea? Mteja aliyepita kwa mawakili watatu, na kila mmoja "ni mwizi", humtia wasiwasi wa nne. Mteja anayeuliza swali moja tu, "nitapata ngapi?", humtia wasiwasi mkubwa zaidi, kwa kuwa kesi itakwenda kwenye usuluhishi wa mahakama kwanza, na mtu aliyejiwekea kichwani milioni mia atakataa milioni ishirini zilizo mezani, kisha amlaumu wakili.

Kuna na sababu asiyoweza kukueleza kwa kirefu. Mbeya mawakili wanafahamiana, na ofisi nyingine ndizo zinazotetea kampuni za bima au za mabasi. Akisikia jina la kampuni akakusimamisha hapo hapo, akasema hawezi kuendelea, ni kwa sababu hapaswi kuwatumikia mabwana wawili. Mshukuru, chukua bahasha yako, nenda ofisi ya pili.

Hesabu yake mwenyewe

Katika sehemu nyingi za Marekani, wakili wa majeruhi halipwi mpaka kesi ishinde, kisha huchukua karibu theluthi ya fidia. Anachagua kesi kama mwekezaji. Kenya, Sheria ya Mawakili inabatilisha makubaliano ya kulipwa pale tu kesi inaposhinda. Huku kwetu jiandae kuulizwa ada ya kuanzia pamoja na gharama za kufungua shauri, nauli na ripoti ya daktari. Kesi moja ina maahirisho mengi, na wakili wa Mbeya anayekwenda Rujewa anapoteza siku nzima hata kama hakimu ana udhuru. Ndiyo maana jeraha dogo lililopona vizuri linakataliwa ingawa ulionewa waziwazi: fidia yake haiwezi kubeba safari hizo. Kwa jeraha la namna hiyo, barua moja ya wakili kwa kampuni ya bima inaweza kutosha. Bima ikikwama bila sababu, ulizia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Makubaliano ya ada yaandikwe. Yaseme ni kiasi gani, kinalipwa lini, nani anabeba gharama za mahakama, na fedha za fidia zikitoka zinapita akaunti ya nani. Wakili anayekasirika ukiuliza swali hilo la mwisho amekwisha kukujibu.

Jihadhari pia na vishoka. Wanakuja wodini wakiwa na tai, wanajua jina lako, wanajua gari lililokugonga, na wanataka usaini kwenye karatasi tupu. Maadili ya uwakili yanakataza kutafuta wateja kwa madalali, kwa hiyo anayekufuata kitandani ama si wakili, ama ni wakili usiyemhitaji. Jina la wakili wa kweli linapatikana kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, unaoonyesha kama ana leseni ya mwaka huu. Mwambie mtoto mwenye simu akuangalizie kabla hujatoa hata elfu kumi.

Akikataa

Mwombe akuambie sababu, na ikiwezekana aiandike. "Muda umepita" ni sababu nzito, na bado inafaa kuhakikishwa na wakili wa pili. "Hakuna bima" inaweza kuwa ni yeye hakutafuta. "Ushahidi hautoshi" mara nyingi maana yake ni karatasi moja au mbili unazoweza kuzipata ukirudi Rujewa wiki hiyo. Chukua nakala zako zote halisi kabla hujatoka mlangoni.

Kama fedha ndiyo kikwazo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria walioko wilayani. Hawalipwi na wewe na hawakuwakilishi mahakamani, lakini wanajua kuandika barua na kufuatilia faili polisi. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu husaidia wasio na uwezo, na kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria, iliyozinduliwa 2023, imezungukia mikoani. Ikifika kwenu, nenda na bahasha ile ile. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai inaruhusu pia mtu fukara kuomba afungue kesi bila kulipa ada ya mahakama.

Ajali yako ikiwa imefikisha miaka miwili na bado unangojea mwenye gari akupigie simu, acha kungoja. Mtafute wakili wiki hii, na umtajie tarehe ya ajali kabla ya kumwonyesha kovu.